King'ora cha alamu kimekaa kimya? Anza na nyaya

Jirani hapa Ndeeba, Kampala, aliniletea gari lake aina ya Noah, alamu ikiwa na hitilafu: rimoti inafunga milango, indiketa zinawaka, lakini king'ora hakitoi hata mlio. Alikuwa ameshaambiwa akanunue kingine Kisekka, soko la vipuri. King'ora chake kilikuwa kizima kabisa. Kabla hujatoa pesa, fuata mpango huu.

1. Kagua fyuzi ya alamu. Hakikisha pia rimoti haijawekwa kwenye hali ya kimya.

2. Chomoa king'ora ukiunganishe moja kwa moja na betri, mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Usizigeuze. Kikilia, ni kizima; tatizo litafute kwenye nyaya. Kama ni cha aina yenye betri yake ndani na tundu la ufunguo, kiwashe kwanza kwa ufunguo huo.

3. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa sababu wanaiamini mita peke yake. Mita inasoma volti 12, king'ora hakilii, basi wanasema kimekufa. Mita haivuti umeme wa maana: shaba ikishageuka kijani ndani ya mpira, hata uzi mmoja uliobaki unatosha kuonyesha volti 12. King'ora kinataka ampea moja au zaidi, na uzi ule hauwezi kuibeba.

Kwa kazi hii mimi natumia balbu ya indiketa ya wati 21 iliyolehemewa nyaya mbili. Fanya hivi:

Shika upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya wa chanya unaokwenda king'orani, kisha mtu abonyeze kitufe cha dharura cha rimoti. Ikiwaka kwa nguvu, waya huo ni mzima. Ikififia, ufuate waya nyuma kuelekea kisanduku cha alamu, hasa unapopenya ukuta wa injini. Baadhi ya alamu hutoa umeme kwa vipindi, kwa hiyo balbu kumweka si kosa. Tazama ukali wa mwanga.

Sasa ethi, yaani njia ya hasi inayopita kwenye bodi ya gari. Unganisha balbu kati ya chanya ya betri na waya mweusi wa upande wa gari, ule unaokwenda kwenye bodi, alamu ikiwa imezimwa. Ikififia, kagua boliti inayofunga waya huo kwenye bodi. Kwa Noah ile, kishikio cha waya huo kilikuwa kimekazwa juu ya rangi, tope la marramu limejaa chini yake. Nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza upya, nikapaka grisi juu.

Onyo: balbu hii usiiguse kamwe kwenye nyaya za kompyuta ya injini wala soketi za njano za mifuko ya hewa.

4. Waya ulioliwa ukate hadi ufikie shaba nyekundu, ulehemu, ufunike kwa mpira unaojibana kwa joto. Kusokota na kuzungushia selotepu sikubali: joto la injini huyeyusha gundi, na mvua za Machi zikija maji yanaingia.

5. Rudisha king'ora mdomo ukiangalia chini, maji yasituame ndani.