Kabla Hamjatoka Dodoma kwa Baiskeli Kwenda Manyoni: Mambo ya Kuzingatia

Kwa wanaovuka nchi kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam kuelekea Kanda ya Ziwa, siku ya Dodoma hadi Manyoni huwadanganya wengi. Ni karibu kilomita 130 za lami, na kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, upepo wa mashariki unawasukuma mgongoni. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Bahi iko chini ya mita 900, kwa hiyo asubuhi baiskeli inakwenda bila kuilazimisha. Mchana mnafika Saranda, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na barabara inaanza kupanda kuelekea Manyoni, zaidi ya mita 1,200, jua likiwa kali na maji yakiwa yamepungua. Ndiyo maana siku hii hupangwa kutoka mwisho. Jioni ile mkiwa bado Dodoma, kila mnaloamua lipimwe kwa swali hili: yule wa mwisho wetu atafika chini ya Saranda akiwa na maji na nguvu?

Anzeni na barua. Msafara wa watu wengi barabara kuu unapaswa kujulikana na polisi wa usalama barabarani, na hapa mnapita mikoa miwili: Bahi ni Dodoma, lakini Kintinku tayari ni wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Waandikieni wote wawili siku kadhaa kabla, mtaje idadi ya watu, saa ya kuondoka na namba ya gari la msaada. Kila mtu awe na 112 kwenye simu, namba ya kiongozi, namba ya dereva wa gari la msaada, na karatasi ndogo iliyofungwa kwenye nailoni yenye jina lake, ugonjwa alionao, dawa anazotumia na ndugu wa kupigiwa. Simu huzima chaji, karatasi haizimi. Mjue pia kwamba Manyoni kuna hospitali ya wilaya, na Itigi, mbele kwa barabara ya Tabora, kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Kadi za bima ya afya zikae kwa mwenyewe, zisiachwe kwenye begi la garini.

Saa ya kuondoka isijadiliwe asubuhi. Dodoma kunakucha kwa kuchelewa kidogo kuliko Dar es Salaam, na mwezi Julai saa kumi na mbili na nusu bado ni giza jepesi. Ondokeni mara tu mnapoweza kuona shimo mbele yenu bila taa, lakini taa nyekundu za nyuma ziwake. Zamani alfajiri ilikuwa tulivu. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, saa hizo mnaweza kukutana na dereva aliyekesha kwenye usukani. Fulana zenye riflekta zivaliwe na wote kuanzia mita ya kwanza, hata na yule anayesema zinamtia joto.

Sasa namna ya kwenda pamoja, maana hapa ndipo naona vikundi vingi vinajiweka hatarini kwa kupenda picha nzuri. Watu ishirini wakiwa kundi moja barabarani, basi likitaka kuwapita halina pa kurudi upande wake likikutana na lori. Gawaneni sita sita, mstari mmoja, kushoto kabisa, na kati ya kundi na kundi pawe na mita mia mbili au tatu. Kila kundi liwe na wa mbele anayejua njia na wa nyuma ambaye kazi yake ni kutomwacha mtu. Wa nyuma awe mzoefu, si mchovu aliyebaki huko kwa bahati mbaya. Kioo kidogo upande wa kulia wa usukani kina faida kuliko gia za bei mbaya. Kubalianeni maneno mafupi yanayopitishwa kutoka mdomo hadi mdomo: shimo, tuta, rasta, gari nyuma. Kwa kuwa upepo uko mgongoni, hakuna sababu ya kubanana tairi kwa tairi ili kukata upepo. Acheni nafasi ya baiskeli mbili. Na kwenye mlima wa Saranda, malori yatapanda polepole sana kando yenu na mkono utatamani kushika bodi. Mwambiane mapema kwamba anayeshika lori anapanda gari la msaada mpaka Manyoni.

Ng'ombe na mbuzi mtakutana nao. Msiwapigie kengele, wanatawanyika. Simameni, mpungieni mchungaji, mwacheni awavushe. Salamu ya "mbukwa" kwa wazee wa Kigogo inafungua njia na mazungumzo, na huenda ikawaonyesha kisima kilipo.

Kuhusu baiskeli zenyewe, ukame wa Dodoma ni nchi ya miba. Migunga inaangusha miiba mirefu na mbigili imetambaa pembeni mwa lami, hasa pale mnapotoka barabarani kupumzika. Beba baiskeli, usiisukume, ukiingia chini ya mti. Kila mtu awe na tyubu mbili za saizi yake, viraka, solusheni, vijiti vya kutolea tairi na pampu iliyojaribiwa. Ukipata pancha, usiweke tyubu mpya mara moja. Chukua kitambaa, kipitishe taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Kikikwama, hapo pana ncha ya mwiba iliyokatikia ndani, ndogo kiasi kwamba jicho halioni, na ndiyo itakayotoboa tyubu ya pili baada ya kilomita moja. Itoe kwa koleo ndogo. Mafundi wa njiani ni hodari na wana moyo, ila pampu zao nyingi hazishiki valvu nyembamba za baiskeli za mashindano, hivyo beba kile kiungio kidogo cha shaba. Gari la msaada libebe spoki za ziada, cheni, nyaya za breki na pedi zake. Breki zikaguliwe jioni, kwa taa, si kwa kauli ya mwenye baiskeli.

Maji. Hesabu angalau lita tano kwa mtu, na si zote garini, kwa sababu gari linaweza kubaki nyuma na mgonjwa. Upepo wa mgongoni una ujanja wake: ukienda mwendo unaokaribia wa upepo, hewa haikupozi, unachemka huku unadhani mambo ni mepesi. Kunywa mafunda machache kila robo saa, na usinywe maji matupu siku nzima, maana jasho linatoka na chumvi. Lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, vinatosha. Anayelalamika kichwa na kichefuchefu apumzike kivulini, asilazimishwe kunywa maji zaidi na zaidi. Akianza kuongea ovyo au ngozi ikiwa ya moto sana, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari liende hospitali bila kikao.

Chakula kidogo kidogo: chapati, viazi, karanga, ndizi, zabibu kavu za hapo hapo Dodoma. Bahi inalima mpunga, na wali wa saa nne asubuhi pale ni mzuri, lakini sahani ya kushiba iache kwa Manyoni. Mkiwa Bahi, karibu kilomita sitini za kwanza zimekwisha, kwa hiyo hesabuni watu, jazeni chupa zote na muulizane kwa ukweli nani amechoka. Ni rahisi mtu kupanda gari Bahi kwa hiari kuliko kuokotwa Saranda.

Bukta yenye sponji huvaliwa bila chupi, na mafuta ya mgando hupakwa kwenye mikunjo ya ngozi. Kinadada na kinamama waulizwe mapema juu ya vituo vya choo, wasiachiwe vichaka. Kanga au kitenge kwenye begi la usukani kinasaidia kujistiri mnaposimama vijijini, wanaume pia.

Gesti ya Manyoni ipigiwe simu siku mbili kabla: vyumba, maji ya kuoga, chakula cha saa kumi, na mahali pa kulaza baiskeli ndani. Mkifika, kabla ya kuoga, kila mmoja azungushe tairi zake polepole na kuchomoa miba, kwani pancha nyingi za asubuhi ya kwenda Singida zimeingia tairini leo.