Kadinosa ka bando likikata: jinsi ya kuvuka pointi 1,000 kwa kidole kimoja

Wakuu habari. Kale kadinosa ka lile gemu la kwenye Chrome, kanakotokea bando likikata, kila mtu anakajua, ila wengi wanakagusa mara mbili tatu, kanagonga mdungusi, wanafunga wanaenda kukopa bando. Na mimi nilikuwa hivohivo mpaka kuna wiki moja nilikuwa geto sina hela ya kitu, ndo nikakomaa nako. Google walikaweka 2014, na utani wake ni kwamba mtu asiye na intaneti amerudi enzi za madinosa.

Kukafungua huhitaji hata kusubiri bando liishe. Zima data, fungua ukurasa wowote, gusa kadinosa kenyewe. Au andika chrome://dino pale juu unapoandikaga anwani, hapo hata data ikiwa imewaka linacheza. Kwenye kompyuta unabonyeza ile batani ndefu ya chini, kwenye simu unagusa kioo popote, basi, kazi yako ni kuruka tu.

Sasa kosa la kwanza, na hili lilinikalisha kwenye 300 siku tatu nzima: nilikuwa nakaangalia kadinosa. Dogo mmoja wa hapo nyumbani alikaa pembeni akaniambia bro, mbona unamkodolea macho huyo mnyama, yeye si yupo tu hapohapo haendi popote? Na kweli aisee, kenyewe hakasogei, kinachosogea ni ardhi na vitu vinavyokuja toka kulia. Waliocheza rede wananielewa, ukiwa katikati huangalii miguu yako, unaangalia mkono wa anayerusha. Kwahiyo macho yapeleke kulia, kadinosa utakuwa unakaona kwa pembeni na inatosha kabisa. Siku hiyohiyo nikagonga 600 na kitu.

Kitu cha pili ndo watu wengi hawakijui. Kugusa kuna aina mbili. Ukidonoa kioo na kuachia fasta kadinosa kanaruka chini na kanatua mapema, ukishikilia kanapanda juu kabisa na kanachelewa kutua. Nikaanza kufatilia kila nikifa nimeuawa na nini (niliandika kwenye karatasi, nichekeni tu) nikakuta mara nyingi sijafa kwa kuchelewa kuruka, nimefa kwa kutua juu ya mdungusi wa pili, yaani wa kwanza nimeuvuka vizuri kabisa ila nilishikilia kidole kwa woga nikawa naelea hewani huku mwingine ushafika. Kwahiyo midungusi mifupi donoa tu. Ile mirefu iliyosimama mitatu pamoja, hasa mwanzoni spidi ikiwa ndogo, ndo ushikilie. Zoezi langu lilikuwa raundi tano za kudonoa tu, bila kujali pointi, mpaka kidole kikazoea kuachia.

Spidi nayo inawachanganya watu. Gemu linaanza taratibu, zile sekunde tatu za kwanza hakuna kinachokuja kabisa, tulia upumue, halafu linaongeza mwendo kidogokidogo mpaka linakuwa zaidi ya mara mbili ya mwanzo. Muda wa kadinosa kukaa hewani haubadiliki sana lakini ardhi inapita mbio, kwahiyo mdungusi uliokuwa unauruka ukiwa umeshakaribia puani, baadae inabidi uuruke ukiwa bado uko mbali kidogo. Habari njema ni kwamba ukivuka 2,000 spidi haiongezeki tena, ukishaizoea hapo imebaki kutochoka tu.

Ndege wanaanza kuja kwenye 450 hivi. Kwenye simu wanapita chini au juu, wa chini mruke, wa juu MUACHE apite, usiguse chochote. Mimi huyu wa juu kaniua sana kwa kiherehere. Kwenye kompyuta kuna na wa katikati, huyo unaweza kumruka, au ukainama kwa mshale wa chini.

Ukifika 700 kioo kinageuka kuwa cheusi, usiku huo, unadumu sekunde chache tu kisha kunakucha, hakuna kilichobadilika zaidi ya rangi. Na kila pointi 100 kuna kamlio na namba zinawakawaka pale juu, hizo namba usiziangalie kabisa, nilishakufa kwenye 998 kwa kutaka kushuhudia 1,000 ikiingia!

Mambo madogo madogo: futa kioo, kidole chenye jasho au mafuta ya chipsi kinashika vibaya. Toa ile hali ya kubania chaji maana simu zingine zinakuwa zinakwamakwama. Cheza dakika kumi upumzike, ukishaanza kutukana weka simu chini, raundi ya hasira haijawahi kunifikisha hata 200.

Na kabla hujaanza kuisaka rekodi hakikisha data na wifi umezizima kabisa, sio mtandao umekata tu wenyewe. Mimi nilikuwa 1,840 wifi ya jirani ikarudi ghafla, ukurasa ukajifungua upya, kadinosa kakapotea na mimi nimebaki nasomeshwa bei za viatu.