Jinsi ya kulala loji za kifahari Serengeti na Ngorongoro kama wewe ni Mtanzania

Kuna watu wengi sana hapa nchini wana uwezo kabisa wa kulipia siku mbili tatu za loji nzuri porini ila hawajawahi hata kuuliza bei, wanaona zile picha za bwawa la kuogelea na tembo kwa nyuma wanasema hayo mambo ya wazungu, wanapita. Mimi hilo linaniuma kweli. Mbuga ni zetu, wanaofanya kazi kule ni ndugu zetu, na mgeni anayeongea Kiswahili akifika kule anapata vitu ambavyo mtalii wa mbali hata alipe mara tano hapati. Kwa hiyo naeleza hapa kuanzia kuuliza bei mpaka kutoka getini, nikiongelea Serengeti na Ngorongoro maana ndiko wengi wanakotamani kuanzia.

Tuanze na hela. Bei unayoiona mtandaoni ni ya wageni wa nje, iko kwa dola, na inatisha, mfano Ngorongoro Crater Lodge msimu wa watalii wengi inavuka dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Usikate tamaa hapo. Loji nyingi zina bei ya wakazi, wengine wanaita rezidenti reti, na mara nyingi haipo kwenye tovuti yao, unaipata ukiuliza. Piga simu au tuma meseji ofisi ya bukingi, nyingi ziko Arusha, sema moja kwa moja: sisi ni raia, watu wazima wawili, watoto wawili wa miaka 7 na 11, tarehe fulani mpaka fulani, tunaomba bei ya wakazi. Usione aibu, hiyo sio kuomba msaada, ni bei iliyopo. Zile za juu kabisa nyingine hazitoi bei hiyo msimu ukiwa umechangamka, basi waulize ni miezi gani wanaitoa.

Wakikujibu, kabla hujalipa advansi hakikisha mambo haya yako kwenye maandishi. Kwanza ni fulubodi, yaani milo yote mitatu imo, au vipi, maana porini huwezi kutoka jioni ukatafute chipsi, kwa hiyo kama bei ni ya kifungua kinywa tu ujue chakula cha mchana na usiku utalipia pale pale kwa bei ya pale pale. Pili vinywaji vimo au havimo, soda na bia za loji zinaweza kukupandishia bili bila wewe kujua. Tatu VAT imo au itaongezwa. Nne, na hili ndio kubwa, gari. Kuna bei ya chumba na chakula peke yake, na kuna pakeji ambayo ndani yake kuna gari la loji na dereva wa kukuzungusha asubuhi na jioni. Ukichukua ya kwanza bila kuwa na gari utakaa loji unaangalia mbuga kwa mbali. Tano umri wa watoto, kambi nyingi za mahema hazipokei watoto wadogo kwa sababu za usalama, uliza mapema usije ukafika na familia ikawa shida.

Loji ipi sasa. Ushauri wangu kwa mara ya kwanza angalia mahali ilipo kuliko uzuri wa bafu. Seronera ni katikati ya Serengeti, simba na chui wanakuwepo mwaka mzima hata nyumbu wakiwa mbali, na Seronera Wildlife Lodge imejengwa ndani ya miamba yenyewe, unakuta pimbi wanaota jua karibu na njia ya kwenda kula. Loji ya Lobo kaskazini nayo iko kwenye miamba vile vile. Loji ya Four Seasons, nayo iko Serengeti, iko juu zaidi kwa bei, bwawa lake linatazama dimbwi ambalo tembo wanakuja kunywa, yaani wewe uko ndani ya maji na wao wako kwenye maji yao pale chini. Ukifika Ngorongoro omba chumba kinachoangalia kreta, lile bonde kubwa la volkano, na uombe wakati wa kubuku, ukisubiri kuomba mapokezi umechelewa.

Msimu unabadilisha kila kitu. Nyumbu wako zaidi ya milioni moja na wanazunguka: Januari mpaka Machi wako kusini upande wa Ndutu wanazaa, kuelekea Juni wako magharibi upande wa mto Grumeti, Julai mpaka Oktoba wako kaskazini wanavuka mto Mara, halafu mvua za vuli zikianza wanarudi kusini. Kwa hiyo mtu asikuuzie loji ya kaskazini mwezi wa pili akakuambia utaona nyumbu wanavuka. Kwa mfuko wetu lakini mimi nasema angalia Aprili na Mei, masika. Kambi nyingine zinafunga, ila loji kubwa zinabaki wazi na bei inashuka, majani ya kijani, magari machache, unaweza kukaa na simba peke yenu nusu saa bila foleni ya magari. Ubaya wake ni tope, kuna udongo mweusi kule ukilowa hata gari lenye nguvu linakwama, kwa hiyo masika usiende na dereva asiyeijua ile barabara.

Kufika. Kutoka Arusha mpaka Seronera ni kama kilomita 335, lami inaishia geti la Lodoare la Ngorongoro, baada ya hapo ni vumbi na mawe mpaka geti la Naabi ambako unaingia Serengeti, siku nzima ya safari ukijumlisha kusimama. Ukipita njia hiyo unalipia Ngorongoro hata kama unapita tu, kwenda na kurudi, watu wanasahau kuiweka kwenye bajeti. Ndugu zangu wa Mwanza, Simiyu na Mara nyie mna bahati, mnaingilia geti la Ndabaka pale karibu na Lamadi, hamgusi Ngorongoro kabisa. Kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na wageni, lakini angalia bei ya mwaka huo kabla ya kuondoka, Serengeti kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na Ngorongoro kwa mamlaka yake yenyewe, na beba kitambulisho cha NIDA cha kila mtu mzima, bila hicho kujieleza getini ni kazi. Getini hawapokei keshi, ni kadi au kontrol namba, ukiweza lipia kabla.

Kuna kitu cha saa pia. Kibali kinahesabiwa masaa 24 tangu uingie, kwa hiyo ukiingia saa tano asubuhi na umelipia siku moja, kesho yake saa tano uwe umetoka, la sivyo unalipa tena. Na usiku magari hayatembei hovyo mbugani, panga kuingia mapema uwe loji kabla giza halijaingia. Wenye haraka wapo wanaopanda ndege ndogo uwanja wa Arusha pale Kisongo, zinatua Seronera, Kogatende na viwanja vingine vya vumbi, mzigo kawaida ni kilo 15 na wanataka begi laini, sio sanduku gumu la magurudumu.

Kwenye begi weka sweta nzito hata kama unatoka Dar na huamini, kingo za kreta ziko kama mita 2,300 juu, Julai usiku unatetemeka. Nguo nyeusi na bluu iliyokolea acha nyumbani, mbung'o wanazipenda mno, ndio maana utaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa kwenye miti, ni mitego yao. Nguo zenye mabaka ya kijeshi usibebe kabisa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na droni bila kibali usijaribu. Darubini ni muhimu kuliko kamera kubwa, ukikosa azima hata moja kwa familia nzima. Dawa zako za kila siku beba za kutosha na za akiba, duka la dawa halipo karibu.

Ukifika loji watakupokea na taulo la kujifutia vumbi na juisi, halafu kuna mtu atakaa na nyie awaeleze taratibu. Hapo weka simu pembeni sikiliza, maana hakuna uzio. Hilo ndio watu hawalielewi mpaka wafike. Nyati analala nyuma ya chumba, tembo anapita kwenye njia ya kwenda kula. Kwa hiyo giza likiingia hutembei peke yako hata hatua ishirini, unapiga simu mapokezi au unawasha tochi mlangoni kama ulivyoelekezwa, askari anakuja. Tembea naye taratibu, nyuma yake, na tochi yake akiisimamisha sehemu na wewe simama. Utaona macho yanang'aa kwenye majani, mara nyingi ni swala, yeye anajua, anaangalia kidogo anakuambia twende. Muulize mambo, mzee wa pale ameyaona mengi na atakusimulia kwa lugha yako mwenyewe, mgeni wa nje hapo anaambulia tabasamu na gud naiti.

Kama ni hema, zipu funga mpaka chini kila unapotoka, mchana hasa, tumbili na nyani wanajua kufungua iliyoachwa nusu na wanatafuta biskuti kwenye begi lako. Chakula usiweke hemani kabisa. Kwenye kambi zinazohama kuna bafu la ndoo, unamwambia mhudumu saa ngapi unataka kuoga, analeta maji ya moto anayapandisha juu ya bafu kwa nje, jilowanishe, funga, paka sabuni, kisha fungua usuuze, ukiacha yamwagike tu yataisha una povu kichwani. Usiku ukipanda kitandani ukakuta kitu cha moto kwenye shuka usiruke, ni chupa ya maji ya moto wameweka kwa ajili ya baridi. Na fisi watalia, simba pia ukibahatika, sauti inafika kama yuko mlangoni kumbe yuko mbali, lala.

Asubuhi amka. Hili nawaomba sana, mmelipa hela nyingi msilale mpaka saa mbili. Omba waje kuwaamsha saa kumi na moja na nusu na kahawa, saa kumi na mbili muwe barabarani, wanyama wawindaji wanafanya kazi zao wakati wa ubaridi, jua likiwaka simba analala chini ya mti mpaka jioni. Dereva usimwagize kama unamtuma dukani nataka chui nataka faru. Mwambie, kaka leo tungependa hiki na hiki wewe unaonaje, atakupangia. Mwambie pia kama mnapenda kukaa sehemu moja muda mrefu, kwa sababu madereva wamezoea wageni wanaotaka orodha. Mkiwakuta duma wanawinda shusheni sauti, na usimshawishi dereva atoke nje ya barabara ili upate picha nzuri, faini na matatizo yatamkuta yeye.

Mkishuka kreta mtapelekwa kula Ngoitokitok, pale kwenye maji yenye viboko. Kula ndani ya gari. Kuna mwewe wanazunguka juu, ukitoa tu mguu wa kuku nje anashuka kwa kasi anaubeba mkononi mwako, kucha zinaweza kukujeruhi, watoto ndio wanaumia zaidi.

Chakula cha loji ni kizuri ila kina mazoea ya kizungu, supu, saladi, nyama na mchuzi mwepesi. Kila mara uliza jikoni kama kuna ugali, mchicha, maharage, wapishi wenyewe wanakula hivyo na wanafurahi sana mgeni akiomba, wengine wanatoka jikoni kuja kukusalimia. Waislamu ulizeni suala la nyama ya halali wakati wa bukingi, na kama ni Ramadhani waambieni mapema muda wa futari na daku, watawaandalia. Kama ni fungate sema, mara nyingi kitanda kitapambwa maua bila kulipia.

Tipu watu wanaogopa kuuliza. Mapokezi kuna boksi, hiyo inagawanywa kwa wote mpaka wafua nguo na wa jikoni ambao huwaoni, mimi naona elfu kumi mpaka ishirini kwa usiku kwa familia ni heshima nzuri kwa mkazi. Dereva mpe mkononi, peke yake, siku ya mwisho. Na wasalimie watu, shikamoo kwa mzee wa getini, habari za kazi dada kwa anayesafisha chumba. Kuna wabongo wakiingia loji wanaanza kuongea Kiingereza na wahudumu na kuwapigia vidole, jamani hapana.

Usiku wa kuamkia kuondoka omba bili uikague ukiwa na muda, vinywaji hasa, asubuhi kuna foleni na mtandao wa kadi unaweza kusumbua. Agiza lanchi boksi usiku huo huo, chumba rudisha saa wanayosema, kawaida saa nne, na hesabu vizuri muda wa kutoka loji mpaka getini ukiongeza lisaa kabisa, kwa sababu njiani lazima mtasimama tena kuangalia twiga.