Mlungula kwenye miradi mikubwa: kesi huanza kwenye daftari lako

Wiki jana baada ya alasiri alinijia kijana wa Matondoni, hapa barazani kwangu Langoni, Lamu. Yeye na babake hubeba mchanga na kokoto kwa jahazi, na mzigo wao uliingia katika kazi ya serikali upande wa bara. Ankara imekaa miezi mitatu bila saini.

"Ami, yule afisa ameniomba pesa."

"Alisemaje?"

"Ameniomba pesa."

"La, mwanangu. Alisemaje?"

Akanyamaza kidogo. "Alisema karatasi hii ni nzito, na mkono mtupu haulambwi."

Hilo ndilo neno nililokuwa nikilitafuta. Nimekuwa karani wa mahakama Malindi miaka kumi na tisa, na karani huku kwetu ndiye mkalimani pia. Niliona kesi ya hongo ikianguka kwa neno moja. Taarifa ya shahidi, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilisema afisa aliomba shilingi elfu thelathini. Kizimbani shahidi akasema kweli yake: "Aliniambia nimwone." Wakili wa utetezi akamng'ang'ania hapo hapo: alitaka pesa, au alitaka kukuona? Sote mle ndani tulijua kumwona mtu ni nini. Lakini faili ilikuwa na kauli mbili za shahidi mmoja, na mshtakiwa akaenda zake. Nilitafsiri kila neno siku ile, na bado linaniuma.

Basi andika siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Tumia daftari lililoshonwa, si karatasi moja moja. Tia tarehe, saa, mahali, na nani alikuwa karibu. Maneno yake yaandike yalivyotoka; kama ni Kiamu, yaache Kiamu. Akikuonyesha vidole vitano, andika vidole vitano. Usiandike elfu hamsini kwa sababu wewe ulielewa hivyo.

Wala usitoe pesa ili "upate ushahidi". Kwa Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016, kifungu cha 6, kuomba kwenyewe ni kosa hata kama hakuna senti iliyotoka mfukoni. Kifungu cha 5 nacho kinamshika anayetoa. Kila mmoja wao anaweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Watu wengi wema wamejitia kitanzini hapa.

Kama amekutumia ujumbe au sauti kwa simu, iache simu kama ilivyo. Usikate sauti, usisambaze kwa jamaa, usibadilishe simu. Ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulivyotolewa na kwa chombo gani. Cheti kikikosekana, wakili ataupinga usipokelewe.

Kisha nenda Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Ofisi yao ya karibu nasi iko Malindi. Wakiona jambo lina uzito, huenda wakakupa kinasa sauti urudi kuzungumza naye. Hapa tulia sana. Usimchokoze, usitaje kiasi wewe kwanza. Muulize tu karatasi yako imefikia wapi, kisha umwache aseme mwenyewe, maana utetezi wa kwanza utakuwa kwamba alitegwa, na wa pili kwamba pesa zile zilikuwa deni.

Mazungumzo yakishaandikwa, utaitwa usikilize na uthibitishe maandishi. Sikiliza mara mbili. Neno "ya maji", yaani pesa ya hongo, likitafsiriwa kuwa maji ya kunywa, sema pale pale, usione haya mbele ya mpelelezi.

Zikitumika noti za mtego, hupakwa unga wa dawa uitwao APQ, na nambari za noti huorodheshwa ukatia saini. Mikono ya mshukiwa hupanguswa kwa pamba, na pamba hizo hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali kupimwa unga huo. Kwa hiyo usimpe mkono baada ya kuzigusa noti. Unga ukifika kiganjani kwake kwa salamu, wakili wake atasema ndiko ulikotoka.

Mtego humnasa wa elfu hamsini. Wakubwa wa mradi hawapokei bahasha barazani. Hupokea kwa mikataba ya "ushauri" na akaunti za mbali. Lesotho, nchi ndogo, iliwafuata huko. Mkuu wa mamlaka ya mradi wa maji wa milimani, Masupha Sole, alitiwa hatiani mwaka 2002, akahukumiwa miaka 18, ikapunguzwa hadi 15 kwenye rufaa. Mwaka huo huo kampuni ya Acres ya Kanada ikatiwa hatiani pia. Nguzo ya kesi ilikuwa rekodi za benki za Uswisi, zilizoonyesha malipo ya makampuni yakipitia kwa mawakala hadi kwake.

Hapa Lamu ujenzi wa bandari ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Miaka tisa ya karatasi! Kwa hiyo wewe mwenye jahazi, mwenye lori, mwenye kuuza maji, tunza hati za mzigo. Karatasi ya malipo ikisema safari 40 nawe ulikwenda 25, hati zako ndizo zitakazomwonyesha mpelelezi pa kuanzia.

Tume huchunguza, lakini wa kuamua mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Itachukua muda, na kesi huahirishwa. Usihame bila kumwarifu mpelelezi. Ukitishwa, sema mapema: kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo kinamlinda anayeripoti, na ipo mamlaka ya kulinda mashahidi. Na kama wewe ni mtumishi wa umma uliyeyasikia haya ofisini, una saa 24 za kuripoti.

Nilimpa kijana daftari. Akaandika "pesa", kisha akataka kulifuta. Nikamzuia: piga mstari mmoja, neno lisomeke, utie saini pembeni. Akafanya hivyo, akaandika upya: mkono mtupu haulambwi. Alfajiri yake akapanda mashua ya Mokowe, daftari kalifunga kwenye mfuko wa nailoni.