Jinsi ya Kuandaa Picha ya Ukutani kwa Kanisa la Usharika

Kabla ya kumwita mchoraji, na kabla hata ya kuitisha mchango, mwenyekiti wa kamati aingie kanisani siku isiyo ya ibada, akae kwenye benchi la nyuma kabisa, kisha la katikati, kisha upande wa kwaya, na kila anapokaa aangalie macho yake yanatua wapi. Katika makanisa yetu mengi yatatua kwenye ukuta wa nyuma ya madhabahu, ambako msalaba unashindana na saa, feni, spika mbili, bango la mkutano wa injili uliokwisha zamani, na vitambaa vya harusi ya Jumamosi ambavyo hakuna aliyepata nafasi ya kuvishusha. Ukuta huo unasema na waumini kila Jumapili, kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ni kupunguza. Mimi hushauri vyote vishushwe, ubaki msalaba peke yake kwa mwezi mzima, ndipo washarika waulizwe wanakosa nini.

Baada ya hapo iamuliwe picha itafanya kazi gani, maana mahali ndipo panapoamua umbo lake. Picha ya nyuma ya madhabahu hutazamwa kwa muda mrefu na kutoka mbali, hivyo inahitaji watu wachache, maumbo makubwa na utulivu. Ile ya karibu na kibatizo hutazamwa na familia iliyosimama hatua mbili tu kutoka ukutani. Ile ya barazani, ambako watu husubiriana baada ya ibada na ambako hata asiye muumini hupita akienda sokoni, inaweza kubeba kisa kirefu chenye mambo mengi madogo madogo, kwa sababu hapo mtu ana muda wa kusogea na kuonyesha kwa kidole.

Pingamizi lisikilizwe mapema

Hakosekani mzee atakayetaja amri ya Kutoka 20 inayokataza kujifanyia sanamu, na ana haki ya kuitaja. Asikilizwe kabla ya jukwaa la mafundi kusimamishwa, kwa kuwa pingamizi linalotolewa rangi ikiwa imeshapakwa huwa ugomvi. Njia iliyo njema ni kumwomba yeye mwenyewe aongoze jioni moja ya kujifunza Biblia, sura hiyo isomwe pamoja na Kutoka 31, ambamo Bezaleli anajazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya ufundi. Swali hili ni la zamani. Mnamo mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille, ambaye alikuwa amevunja picha za kanisani. Alimsifu kwa kuwazuia watu wasiziabudu, akamlaumu kwa kuzivunja, kwa kuwa asiyejua kusoma husoma ukutani yale asiyoweza kuyasoma kitabuni. Martin Luther naye, aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522, alihubiri dhidi ya waliokuwa wakiziondoa picha kwa nguvu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mpenzi mkubwa wa picha hizo. Kwa Wakatoliki, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya mwaka 1963, inasema kwamba Kanisa halijajifunga kwa mtindo mmoja wa sanaa, na papo hapo inataka idadi ya picha iwe ya kiasi. Neno hilo la mwisho hunukuliwa mara chache kuliko linavyostahili.

Kuchagua kisa na sura za watu

Anayeweza kufika Murang'a nchini Kenya na aende kutazama michoro mikubwa mitano ya Elimo Njau katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, na kusomea sanaa Makerere, aliichora mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau. Kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba vyote vimewekwa katika nchi ile ile ambayo muumini ameivuka kwa miguu asubuhi hiyo, na Yesu ni Mwafrika miongoni mwa Waafrika. Ilikuwa jamii ambayo majirani walikuwa wametoka kuuana, na mchoraji hakuwapa picha ya kufarijiana tu: aliwapa Gethsemane kwenye vilima vyao wenyewe. Hilo ndilo la kujifunza hapo. Kisa kichaguliwe kwa kuuliza usharika umepitia nini, uwe ukame, mafuriko, mgawanyiko au mazishi mengi, kisha itafutwe sura ya Biblia inayokutana na hayo.

Namugongo nchini Uganda inafundisha kwa namna nyingine. Basilika ya Mashahidi ina nguzo 22 zinazoizunguka, kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda, na mtoto anayejua kuhesabu anaweza kulizunguka jengo zima akiwahesabu mashahidi hao mmoja baada ya mwingine. Ishara ya namna hiyo haimgharimu mchoraji chochote, na hudumu kichwani kuliko maandishi.

Mchoro wa awali upelekwe kwenye jumuiya, kwa akina mama, kwa vijana na kwa shule ya Jumapili, ukiwa bado wa penseli, kwa sababu penseli inafutika na watu wanajua hivyo. Katika kikao kimoja cha namna hii mchoraji alileta Mwanamke Msamaria akiwa na mtungi wa udongo kichwani. Mama mmoja akauliza mtungi wa namna ile unauzwa wapi siku hizi, kwani wao kisimani huenda na madumu ya njano ya lita 20. Vijana wakacheka, wazee wakasema dumu la plastiki litaishusha heshima ya Maandiko, na ubishi ukachukua saa nzima. Lakini ndani ya saa hiyo watu walikuwa wameisoma Yohana 4 mstari kwa mstari kutafuta hoja. Mwishowe dumu lilichorwa likiwa limelala pembeni, limesahaulika, kama mtungi unavyoachwa katika mstari wa 28. Nina hakika hakuna mahubiri ambayo yangewafikisha pale.

Jambo moja lisikubaliwe hata kwa fedha: sura ya mfadhili, ya mchungaji au ya kiongozi aliye hai isiwekwe kwa mtume yeyote. Watu hugombana na kuhama, na ukuta unabaki na Petro ambaye nusu ya usharika haisalimiani naye.

Ukuta wenyewe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nimewahi kuona picha nzuri ya Pentekoste ikianza kubanduka kabla ya Pentekoste iliyofuata, kwa sababu ilipakwa juu ya lipu mbichi ili iwahi siku ya uzinduzi. Lipu ya saruji iachwe angalau siku 28, na katika nyumba zenye unyevu iachwe zaidi. Kisha bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, uzibe kingo zake zote kwa gundi ya utepe, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Ukiona unga mweupe wa chumvi, usiupake rangi juu yake. Tafuta maji yanatoka wapi, na mara nyingi utakuta mfereji wa bati umetoboka au udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu. Popo waliomo darini nao waondolewe mapema.

Rangi ya maji aina ya akriliki ni bora kuliko rangi ya mafuta ing'aayo, kwani ile ya mafuta huufungia ukuta pumzi, tena humulika mwanga wa dirishani machoni pa waumini. Pale jua linapopiga, rangi za udongo, yaani nyekundu ya kutu, manjano ya udongo na kahawia, hudumu kuliko waridi na zambarau za bei nafuu. Ili kuhamisha mchoro, tumia miraba: karatasi ya sentimita 40 kwa 30 hutosha ukuta wa mita 4 kwa 3, ambapo kila mraba wa sentimita 1 unakuwa wa sentimita 10 ukutani. Mistari ipigwe kwa uzi uliopakwa chaki, kisha mtu mmoja ashuke arudi benchi la nyuma kutazama kila jioni.

Mkataba uandikwe, malipo yagawanywe kwa hatua, na mtu mmoja tu ndiye awe na mamlaka ya kumwelekeza fundi, naye awepo. Katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, zipo nguzo zilizosimama kichwa chini miguu juu, na inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo wakati Askofu Edward Steere, yule yule aliyekitumikia sana Kiswahili kwa vitabu vya lugha na tafsiri, alipokuwa safarini.

Baada ya rangi kukauka

Picha isiyotajwa kamwe katika ibada hugeuka kuwa rangi ya ukuta. Mhubiri aigeukie siku kisa chake kinaposomwa, na shule ya Jumapili ifundishwe mbele yake, watoto wakiulizwa wanaona nini kabla ya kuambiwa maana yake. Wakati wa Kwaresima inaweza kufunikwa kwa kitambaa cha zambarau, ili Pasaka macho yaione upya.

Mchoraji aache kopo dogo la kila rangi aliyochanganya, limefungwa vizuri na kuandikwa sehemu iliyotumika, likae stoo ya kanisa mbali na mabati ya moto. Rangi hizo zitahitajika, na mahali pa kwanza kuchakaa patakuwa chini kabisa, kwenye kimo cha mikono ya watoto.