Kijana Ametoweka Malindi: Jinsi ya Kuandikisha Ripoti na Kuhakikisha Faili Haifungwi

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa Malindi, na wa maeneo ya jirani kama Ganda, Gede, Mambrui na Chakama, ambaye mtoto wake wa umri wa miaka kumi na kitu ametoka nyumbani na hajarudi. Ninayoyaeleza nimejifunza katika kuwasindikiza wazazi kwenye ofisi nikiwa msaidizi wa kisheria wa kijamii, na jambo moja limejirudia katika kila safari: familia ambazo baada ya miaka mitano bado zina mahali pa kuulizia ni zile ambazo kila walilolisema liliandikwa, likagongwa muhuri, na nakala ikabaki nyumbani.

Tuanze na saa 24, kwa sababu zimewapotezea wazazi wengi muda wa thamani. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mzazi asubiri siku nzima ndipo aripoti kwamba mtoto hayuko. Afisa akikwambia urudi kesho, mwombe kwa adabu umwone afisa mkuu wa kituo, yaani OCS, na umweleze kwamba anayetafutwa ni mtoto chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, hata kama ana ndevu na anavua samaki pamoja na ami zake.

Siku ya kwanza: kituoni

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mahali mtoto alipoonekana mara ya mwisho. Ikiwa ni mbali, ripoti kwenye kituo cha kwenu, nao watapeleka taarifa. Chukua cheti cha kuzaliwa au nakala yake, kitambulisho chako, na picha ya karibuni. Picha ya shule ya miaka mitatu iliyopita haisaidii; afadhali ile ya Idi au ya harusi ya jirani aliyopigwa kwa simu juzi, hata ikiwa amesimama nyuma ya wenzake. Andika kwenye karatasi, kabla hujatoka nyumbani, nguo alizovaa, viatu, makovu, jino lililovunjika, dawa anazotumia, majina ya marafiki zake na nambari zao. Ukifika kaunta huku moyo unakwenda mbio utasahau hata rangi ya shati.

Ripoti yako itaandikwa katika kitabu cha matukio, na utapewa nambari ya OB. Nambari hiyo husomeka kama 23/14/6/2024: tukio la ishirini na tatu la tarehe 14 mwezi wa sita mwaka 2024. Usiondoke bila hiyo nambari. Kabla ya hapo, lakini, omba usomewe kilichoandikwa, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana neno moja tu laweza kuamua safari yote.

Neno hilo ni «ametoroka». Mzazi husema, «Mtoto wangu hajaonekana tangu jana Alasiri,» na karani wa zamu, pengine bila nia mbaya, huandika kwamba mtoto ametoroka nyumbani. Kutoroka kunamweka mtoto kuwa mwenye kosa, na polisi humsubiri arudi mwenyewe akiishiwa na nauli. Kutoweka kunaacha maswali wazi: nani alikuwa naye, alipanda gari gani, nani aliyempigia simu. Nimemsindikiza mama mmoja katika kituo nisichokitaja, ambaye baada ya miezi minane alionyeshwa OB ya binti yake na kukuta imeandikwa «ametoroka na mpenzi wake», ilhali yeye hakuwahi kutamka habari ya mpenzi. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu kwa miezi hiyo minane. Kwa hiyo sema, tena kwa sauti, «Naomba iandikwe kwamba ametoweka na sijui aliko.» Ikiwa kweli mligombana usiku uliotangulia, liseme hilo pia, kwa kuwa likifichuka baadaye litautia doa ushahidi wako wote, lakini lisemwe kama habari mojawapo, lisigeuzwe kuwa sababu.

Muulize afisa aliyepewa kesi jina lake, na uombe taarifa itumwe kwa vituo vingine vya pwani. Kutoka Malindi, basi la asubuhi huwa Mombasa kabla ya Adhuhuri, na njia ya Lamu humfikisha mtu Mokowe, ambako boti humvusha hadi kisiwani. Kijana aliyeahidiwa kazi ya nyumbani au ya ubaharia aweza kuwa amevuka kaunti mbili kabla mama yake hajamaliza kuulizia mtaani.

Siku hiyo hiyo: nje ya kituo

Piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, inayopokelewa usiku na mchana. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ukiwa na nambari ya OB, ili naye afungue faili ya kwake. Faili mbili katika ofisi mbili ni vigumu kupotea pamoja. Mwarifu mzee wa mtaa na chifu, makondakta wa stendi, na kamati ya wavuvi wa ufuoni, yaani BMU, ambayo hujua ni mashua gani imetoka na nani kapanda. Ukibandika picha ukutani au kuisambaza kwa simu, weka nambari ya kituo pamoja na yako, kwa sababu matapeli huwapigia wazazi wakidai wanaye mtoto na kutaka watumiwe pesa. Usitume kitu, peleka nambari ya mpigaji kwa mpelelezi.

Simu ya mtoto

Vijana wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Ikiwa ndivyo, laini ni yako kisheria, na waweza kwenda wewe mwenyewe kwa kampuni ya simu kuomba taarifa ya M-Pesa ya siku za mwisho, ambayo huonyesha nani alimtumia nauli. Orodha ya simu zilizopigwa na minara zilikopita huombwa na mpelelezi kwa amri ya mahakama, nawe kazi yako ni kumpa nambari ya laini na nambari ya utambulisho ya kifaa, tarakimu 15 zilizochapishwa kwenye boksi la simu. Basi boksi lisitupwe. Wala laini usiifunge, hata ikikaa kimya mwaka mzima.

Wiki zikipita: barua

Kwenda kituoni kila Jumatatu na kuambiwa «tunaendelea» hakuachi alama yoyote, ila vumbi la viatu. Kuanzia wiki ya pili, kila unachouliza kiulize kwa barua. Iwe fupi: nambari ya OB, jina la mtoto, tarehe ya kutoweka, halafu maswali. Mpelelezi ni nani, faili ya uchunguzi ina nambari gani, mashahidi gani wamehojiwa, taarifa za simu zimeombwa lini. Chapisha nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kutiwa tarehe. Maafisa huhamishwa mara kwa mara, na anayekuja hurithi kabati lililojaa mafaili. Barua yenye muhuri ndiyo inayomlazimu kuitafuta yako.

Ukinyimwa majibu, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Kwa kawaida ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi la habari, lakini kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinasema kwamba habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Wachache sana hukitaja, ilhali mtoto aliyetoweka ni mtu ambaye uhai na uhuru wake hasa ndivyo vinavyoulizwa. Andika maneno hayo katika barua: «Habari hizi zinahusu uhai na uhuru wa mtoto wangu.» Polisi wanaweza kushikilia baadhi ya mambo ili wasiharibu uchunguzi, hata hivyo, hilo nalo inabidi walieleze kwa maandishi. Wakikaa kimya, peleka nakala kwa tume ya malalamishi ya umma, ambayo wengi huiita Ombudsman, ukiomba uamuzi wao uangaliwe upya, na usipitishe siku 30. Malalamiko dhidi ya mwenendo wa afisa mwenyewe yapelekwe IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwasimamia polisi. Kote huko hulipi chochote.

Ikiwa mtoto alichukuliwa na watu waliojitambulisha kuwa maafisa

Katika pwani hii, na hasa upande wa Lamu tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, zipo familia zinazosema kijana wao alitiwa garini na watu wenye silaha, na vituo vyote vikakana kumjua. Hapa usingojee barua. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kifungu cha 25 kinaiweka haki ya kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya jaji miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile, uwe usalama au jambo jingine. Ombi hilo hupelekwa Mahakama Kuu. Kwa wakazi wa hapa ni Malindi, na wa Lamu huenda pia Garsen. Hati ya kiapo iwe na majina ya walioshuhudia, saa, mahali, rangi na nambari ya gari, hata kama ni herufi mbili tu zilizoonekana. Mwone wakili, na kama huna uwezo waulize mashirika ya haki za binadamu ya pwani, ambayo yamezoea maombi ya aina hii. Fahamu mapema kwamba serikali ikiapa kuwa haimshikilii mtu huyo, jaji huenda akafika ukingoni. Lakini kiapo hicho chenyewe kitakuwa kimeandikwa, na kina jina la aliyekitoa.

Mochari na DNA

Ni hatua ambayo wazazi huikwepa, na siwalaumu. Hata hivyo, Malindi imefunzwa umuhimu wake kwa njia nzito kuliko mji mwingine wowote nchini. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, mingi ikiwa ya watoto, na mochari ya hospitali ya Malindi ikazidiwa hadi makontena ya baridi yakaletwa. Msalaba Mwekundu uliweka meza ya kuandikisha waliopotea, jamaa wakatolewa sampuli za DNA, yaani vinasaba, na miili ya kwanza iliyotambuliwa ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mwili ambao hakuna jamaa aliyetoa sampuli ya kuulinganisha nao hauwezi kupata jina.

Mwombe mpelelezi, kwa barua, sampuli yako ichukuliwe na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ya baba na mama pamoja ndiyo bora. Ikikosekana, ndugu wa tumbo moja. Huchukuliwa kwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, hakuna maumivu. Mswaki wa mtoto utie ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu. Kutoa sampuli si kukiri kwamba mtoto amekufa. Naandika hivi kwa sababu baba mmoja alikataa kwa miaka miwili kwa hofu ya kumtakia mwanawe mabaya, na ni shangazi wa mtoto aliyemshawishi, si mimi.

Miaka ikipita

Ikiwa kuna dalili kwamba mtoto hayuko hai, familia inaweza kuomba uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Kifungu cha 386 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinamhesabu pia aliyetoweka na kudhaniwa amekufa. Hapo mashahidi huitwa waseme chini ya kiapo, na mpelelezi huulizwa alichokifanya.

Baada ya miaka saba bila habari yoyote, kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kuchukulia kwamba mtu amekufa, na dhana hiyo hufutika akionekana. Hakuna anayelazimishwa kuiomba. Mara nyingi huwa ni suala la mirathi. Waislamu huenda kwa kadhi, ambaye sheria yake inamjua mtu wa aina hii kwa jina la mafkudi, na fungu lake la mirathi hutengwa likamsubiri hadi habari yake ijulikane.

Kila mwaka, rudi kituoni uongeze habari kwenye faili. Inaeleza habari za mvulana wa miaka 15 mwenye sauti ya kitoto, ilhali sasa angekuwa na 20. Peleka picha ya kaka yake alipokuwa na umri huo, ili anayesoma aone uso utakavyokuwa umebadilika. Ukihama mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi kwenda Mtwapa, acha anwani na nambari mpya ya simu kwa OCS na kwa afisa wa watoto, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki na jirani uliyemwachia ufunguo.