Kuchora kwa uzi: cheza na unene wa mstari

Wadarizi wenzangu wa Kigoma, uzi wa pamba wa kudarizi kwa kawaida una nyuzi 6 ndani yake. Msizitumie zote kila mahali! Kata kipande, chomoa uzi mmoja mmoja kutoka juu. Ukivuta zote pamoja zitafungana.

Ukichora ziwa, milima ya Kongo ng'ambo ishone kwa uzi 1, bandi (mishono ya kupitisha sindano juu na chini) zenye nafasi, ionekane mbali kweli. Mtumbwi wa dagaa ulio karibu upe nyuzi 3, mshono wa kurudi nyuma, mstari usikatike. Kwenye mkunjo wa omo, yaani sehemu ya mbele ya mtumbwi, fupisha hatua za sindano, maana hatua ndefu huvunja mkunjo ukawa pembe. Maji mimi huyaacha kitambaa kitupu, napenda zaidi hivyo. Uzi usivutwe sana, kitambaa cha marekani kitajikunja.